Mwewe wa Barabara ya Ikola

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi springi ya nyuma ya lori ilikatika, tukiwa mlimani katikati ya msitu, tunatoka Ikola kurudi Mpanda. Mimi sikusikitika sana. Nilikuwa nimemsindikiza mke wangu kununua dagaa ili nipite kwenye miti ile mirefu na kuwatazama shorobo, ndege wa kijani ambao wakiruka mabawa yao huonekana mekundu. Darubini ilikuwa shingoni.

Mke wangu alikuwa na wasiwasi mwingine. Mvua ilikuwa imepenya turubai na kulowesha magunia yake mawili, na mtaji wake wote ulikuwa humo. Dagaa wakishinda wamelowa wangeoza kabla ya kufika sokoni Kawajense. Tukatandaza turubai kando ya barabara, penye jua, tukawaanika.

Mwewe wa kwanza alitokea upande wa bondeni. Alizunguka mara moja, akashuka. Kisha wakawa sita, kisha anga yote juu ya barabara ikajaa, nami nikaacha kuhesabu, jambo ambalo si kawaida yangu.

Mke wangu alianza kuwapungia kanga. "Baba watoto, simama! Si ndio ndege wako hao?"

Dereva alinicheka akiwa chini ya lori. "Shemeji, si unawajua? Waambie wapange foleni."

Nimesoma habari za mwewe kwa miaka mingi, lakini kusoma hakukuniandaa. Walishuka kwa kasi hadi usawa wa magoti, kila mmoja akanyakua dagaa kwa kucha na kumla hukohuko hewani, mguu ukimpelekea mdomoni. Walipishana katikati yetu, upepo wa mabawa ukinipiga masikioni, na hakuna aliyemgonga mwenzake. Mmoja alipita mbele ya kifua changu, akageuza kichwa, akanitazama kwa jicho la kahawia, akaenda zake. Darubini niliisahau.

Nilipogeuka, mke wangu alikuwa ameshusha kanga.

"Hivi hawa wanawezaje?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mkia. Wanaupinda kama usukani."

Jibu lilikuwa sahihi, na halikutosha.

Nikamwambia tuwafunike dagaa. Alichota kiganja kimoja, akawaminya.

"Bado wabichi. Nikifunika, naozesha magunia yote mawili. Waache wale, jua nalo lifanye kazi yake."

Akapiga magoti na kuanza kuwageuza polepole. Mwewe waliendelea kunyakua kandokando ya mikono yake, karibu kabisa na vidole, wala hawakumkwaruza. Mimi nilipiga magoti upande wa pili, nikageuza na kutazama.

Mchana dereva alimaliza kuifunga springi kwa mipira ya tyubu, nasi tukapakia dagaa waliokauka. Sokoni mke wangu aliwapima upya kwa sado, kopo lake la kupimia. Hakuna aliyeoza. Mwewe walikuwa wamekula dagaa wa shilingi elfu kumi na nane.