Safari ya Kutafutia CD Mdomo

Nyinyi watu wa Majengo, mlinicheka Jumapili jioni mkiniona nikishuka kwa bodaboda kama gunia la viazi. Haya, kaeni chini niwaambie nilikuwa wapi.

Nilitoka kwa sababu ya shemeji yangu Zablon, ndugu mdogo wa marehemu mzee wangu. Siku ya kumzika mzee, kule kwetu Magharibi, Zablon alishika maikrofoni mbele ya kaburi, akalia machozi ya kujaza karai. Mnajua yeye huongea kwa pua, kama mtu amefungiwa nyuki ndani. Akasema: "Mama Rispa ni wa hii boma. Shamba yake ni kutoka barabarani mpaka kwa migomba. Mtu asimguse!" Watu wakapiga makofi. Kwa matanga!

Sasa mwaka huu Zablon ameweka ua ya waya na amepanda bluegum mpaka kwa kaburi. Nikimuuliza, ananijibu na hiyo pua: "Shemeji, mimi? Sikusema kitu. Ulikuwa na uchungu siku hiyo, ukasikia mambo." Na mimi nikifa nataka kulazwa kando ya mzee wangu. Sitaki kulazwa kando ya miti zinangoja kuwa nguzo za stima.

Lakini matanga za kwetu ziko na kitu moja. Lazima kuwe na mtu wa video. Maiti anaweza kukosa suti, video haikosi. Baadaye kila nyumba inapewa CD yake, unaweka kwa kabati pamoja na vikombe za wageni. Yangu ilikuwa hapo miaka hiyo yote, na sikuwahi kuiangalia, kwa sababu nani anataka kuona mzee wake akishushwa mara ya pili?

Watu wa ukoo wetu hapa Nairobi huwa na mkutano kila mwezi. Mzee Nathani, mwenyekiti wetu, yule hawezi kusema hata "amina" bila kukohoa kwanza, akaniambia: "Hm! Hm! Mama Rispa, Jumapili tunakaa mtaa wa Mukuru kwa Reuben. Lete hiyo CD. Katibu atakuja na laptop. Tutaangalia sote, tumalize. Hatutarudia hii kesi." Zablon naye alikuwa anasafiri nyumbani Jumatatu kuandikisha hiyo shamba kwa jina lake. Kwa hivyo ilikuwa Jumapili ama basi.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, Majengo. Nikafunga CD kwa leso nikaiweka kifuani, mahali hata mwizi wa soko ya Gikomba ataona haya kutafuta. Nilitaka ijaribiwe kwa laptop ya katibu kabla ya siku yenyewe. Mpishi huonja. Nikashika Jogoo Road na miguu, pole pole.

Saa nne, Buruburu, kwa nyumba ya katibu. Huyu anaitwa Wycliffe, anafanya kazi ya ofisi, na huongea kama mtu anasoma habari. "Karibu sana, Mama Rispa! Vua tu viatu hapo, kuna tiles." Nikavua. Bibi yake, Mama Trevor, akaniletea chai. Wycliffe akaenda chumbani akarudi na laptop ameishika na vidole viwili, kama mtu anatoa chapati kwa moto. Imekonda! Nikadhani ni kifuniko, hiyo yenyewe inakuja nyuma.

Nikaichukua. Nikaigeuza upande huu, nikaigeuza upande ule.

"Unatafuta nini, mama?"

"Mdomo."

"Mdomo gani?"

"Ya kula CD. Kila laptop niliwahi kuona ilikuwa inatoa ulimi hapa kando, unaweka CD juu, inameza."

Akacheka ile kicheko ya watu wa tiles. "Aa, Mama Rispa! Hizo zilitolewa kitambo. Hii ni slim. Kilo moja tu! Siku hizi hakuna mtu anatumia CD. Kila kitu kiko kwa cloud."

"Cloud ni wapi?"

"Ni kama mawinguni, mama. Vitu vinakaa huko juu."

"Mzee wangu tayari ako huko juu. Mimi natafuta maneno ya Zablon, na Zablon ako hapa chini."

Mama Trevor akacheka mpaka akamwaga chai kwa tiles. Wycliffe hakucheka. Akaanza kunifundisha, akihesabu na vidole: ile mdomo inachukua nafasi, inakula betri, inaongeza uzito, inaharibika haraka. "Na fikiria, mama, ungeitumia mara ngapi? Mara moja kwa maisha."

"Hata jeneza, katibu, mtu hutumia mara moja. Na bado tunanunua."

Hapo akakunja vile vidole vyake. Lakini niseme ukweli, si mtu mbaya. Akaniambia kuna kisanduku ya nje, inakula CD halafu inaunganishwa na laptop na waya. Yeye hana. "Tafuta yule jamaa alipiga video. Watu kama hao hawatupi kitu. Lakini kesho saa nane, mama, kama hakuna picha, mimi nitaandika hakuna ushahidi. Nitafanya nini?"

Nilisikia ile "nitafanya nini" ikitoka kwa mtu mwenye laptop ya kilo moja, nikavaa viatu zangu nikatoka.

Saa saba, Mathare. Bodaboda aliniacha juu, akasema huko chini pikipiki yake haiendi. Nikateremka na miguu kuelekea mtoni, nikishika mabati ya watu. Mtu wa video anaitwa Onesmo, tulisafiri naye kutoka hapa Nairobi siku ya matanga. Zamani alikuwa anatembea na kamera begani na wasichana nyuma. Sasa anauza mayai boilo na kuwekea watu nyimbo kwa simu. Huyu naye maneno yake yanakimbizana kama watoto wametolewa shule, na kwake kila nyanya ni shosh.

"Niaje shosh! Shosh wa matanga! Ile kazi nilipiga, ee? Si uliona vile nimekutoa fiti?"

"Onesmo, ile video uko nayo bado?"

"Zii, shosh, sina. Memory ilijaa. Nilifuta nikaingiza harusi ingine."

Kwa hivyo mzee wangu alitolewa ndio bibi harusi apate kiti. Nikamwambia, "Na hiyo cloud ya katibu, si ungemweka huko badala ya kumfuta?" Akasema, "Shosh, cloud inataka bando. Bando nitatoa wapi?"

Laptop yake kubwa aliuza. Lakini akaingia chini ya trei za mayai, matako ikabaki nje, akatoka na kisanduku cheusi na waya yake. Akaipangusa na shati. "Hii bado inakula, shosh. Lakini ni mzee kama wewe, usimharakishe. Na hiyo video niliiremba kabisa. Ukifika kwa kaburi utalia."

Nikamshukuru. Akanipa yai na chumvi. Nikapanda juu tena, nikipumzika kila mlango, mpaka saa kumi. Usiku huo nililala na kisanduku kando yangu kama mtoto mgonjwa.

Jumapili, saa nane mchana, Mukuru kwa Reuben. Tulikaa kwa kanisa ya mabati, joto ya kuivisha mkate. Watu kama thelathini: wengine walitoka tu shifti ya kiwanda Industrial Area na ovaroli zao, macho mekundu. Zablon alikuwa mbele na koti. Mzee Nathani akafungua na maombi, akakohoa, akasema leta.

Wycliffe akaweka laptop kwa meza ya madhabahu. Mimi nikaweka kisanduku. Akachukua waya, akatafuta shimo. Haiingii! Hiyo laptop imekonda mpaka shimo zimekonda. Akaanza kutoa jasho. Akafungua mkoba wake, akatafuta, akatoa waya ingine fupi kama mkia wa panya, ya kuunganisha waya kubwa na shimo ndogo. Halafu laptop ikasema moto imepungua, akatoa waya ya stima, na adapta yake kama tofali. Hapo nikaelewa hesabu yao yote. Wametoa kilo kwa laptop, wakaiweka kwa mkoba.

Zablon na pua yake: "Shemeji, umetuletea ushahidi ama unataka kupika?"

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka kidogo, ilikuwa nzuri.

CD ikaingia. Kisanduku kikaanza kukohoa, kikazunguka, kikanyamaza, kikazunguka tena. Halafu picha ikatokea. Mama mmoja akalia, "Uwi, ona nilivyokuwa mnono!" Mwingine akaona mtu ameshakufa tangu siku hiyo, akafunika mdomo. Nikaona jeneza ya mzee wangu. Sitasema mengi hapo.

Halafu huyu hapa Zablon, na koti hiyo hiyo, ameshika maikrofoni mbele ya kaburi. Kila mtu akasogea. Zablon wa picha akafungua mdomo.

Ikatoka kwaya.

Ndio, kwaya! Onesmo alikuwa ameremba. Alitoa sauti yote ya kaburini, akaweka wimbo wa kina mama kutoka mwanzo mpaka mwisho, na maua mekundu yakishuka polepole kwa kichwa ya Zablon, na njiwa mbili zikipita. Mdomo inaenda, mkono unaonyesha barabara, machozi yanashuka, na wewe unasikia sauti ya kwanza na ya pili.

Watu walicheka mpaka mabati ikalia. Zablon alicheka kuliko wote, akajifuta macho na leso. "Ushahidi ndio huo! Mimi nilikuwa naimba!"

Wycliffe akaniangalia, akashika kalamu. Niliona ile kalamu ikishuka kwa karatasi. Nikaona bluegum, nikaona nimelazwa makaburi ya watu sijui, mbali na mzee.

Halafu nikaona kitu. Ile mdomo kwa picha, mimi naijua. Maneno yake nimeyabeba miaka hiyo yote.

"Katibu," nikasema, "usiandike. Rudisha nyuma. Zima hiyo kwaya."

Akarudisha, akaziba sauti. Nikasimama kando ya laptop, nikabana pua kidogo. Zablon wa picha akafungua mdomo, na mimi nikafungua yangu.

"Ndugu zangu," nikasema na pua, "huyu mtu amelala hapa alinilea. Alininunulia kiatu ya kwanza." Mdomo na sauti ziliingiana kama mguu na soksi. Mtu mmoja wa ovaroli akasema, "Wee! Ni yeye kabisa!" Mkono wa picha ukainuka, wangu ukainuka. "Mama Rispa ni wa hii boma. Shamba yake ni kutoka barabarani," na nikaonyesha barabara, "mpaka mtoni!"

Zablon akaruka kama ameketi kwa makaa.

"Uongo! Mtoni sikusema! Mto ni wangu! Nilisema mpaka kwa migomba!"

Sauti ilikuwa ya kisanduku peke yake, kinazunguka, kiii, kiii.

Mzee Nathani hakukohoa. Mara ya kwanza kwa maisha yake. Akasema, "Zablon, keti. Kwa hivyo ulisema."

"Mzee, mimi nilikuwa nasahihisha tu..."

"Umesahihisha vizuri. Katibu, andika: barabarani mpaka kwa migomba. Bluegum zing'olewe kabla ya mvua. Na kesho Zablon hasafiri peke yake, ataenda na wazee wawili wapime hiyo mpaka."

"Mimi nakubali migomba," nikasema na sauti yangu mwenyewe. "Sina tamaa ya mto." Zablon aliniangalia. Alijua najua alisema migomba. Mimi nilikuwa pale, yeye ndio alikuwa anajifanya kusahau.

Saa kumi na moja, njiani kurudi. Zablon alitoka na mlango wa nyuma, koti begani. Wycliffe alinisindikiza mpaka kwa bodaboda, amebeba laptop, mkia wa panya, tofali na kisanduku, mikono yote imejaa. Nikanyoosha mkono kuchukua kisanduku. Hakuachilia.

"Mama Rispa," akasema, na safari hii hakusoma habari, aliongea pole kama mtu amekosea, "hii naweza kukaa nayo wiki moja? Mimi mwenyewe nitampelekea Onesmo."

"Ya nini? Si mlisema hakuna mtu anatumia CD?"

Akaangalia viatu. "Harusi yetu iko kwa CD. Mama Trevor ameniuliza mara nyingi. Tangu ninunue hii laptop hatujawahi kuiona."

Nikamwachia. Nikamwambia tu Onesmo anakaa chini kabisa karibu na mto, na njia haina tiles.

Sasa mnaniuliza, nimetembea Buruburu, Mathare mpaka Mukuru, nimejifunza nini? Laptop nyembamba inahitaji mdomo yake ama haihitaji? Mimi naona haihitaji. Acha ikonde, hata sisi tunapenda kitu chepesi. Kisanduku kimoja kwa mtaa kinatosha, bora ijulikane kiko chini ya mayai ya nani. Lakini mtu akija hapa akuambie hakuna anayetumia CD siku hizi, usibishane naye. Muulize tu harusi yake iko wapi.