Mchumba Anayekaa Chini ya Nyumba Yake

Watu walioona mji ukizaliwa ni wachache, na mimi nimeuona mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Surrey, magharibi ya Kanada, ng'ambo ya mto ukitokea Vancouver. Mara ya pili ni hapa hapa Muscat, Oman, mtaa wa Ansab, ninapokaa sasa. Kote kuwili nilikuwa mpimaji ardhi. Stashahada yangu niliipata kule Surrey kwa masomo ya jioni, na mchana nilichuma matunda mashambani, mgongo umepinda, mvua inaninyeshea. Hakuna mkubwa aliyeniandikia barua wala jamaa aliyenishika mkono. Nyumba ninayokaa leo nimeijenga mwenyewe, na kila kona yake nimeipima mwenyewe.

Surrey niliipenda kama mtu anavyopenda fumbo. Tulikuwa tukiingia msituni na darubini ya kupimia, miti mirefu hata jua halifiki chini, tukapigilia vigingi na kufunga vitambaa vyekundu. Baada ya miezi nikipita tena sioni kigingi wala mti. Naona nyumba za mbao zimejipanga, magari mlangoni, watoto wanacheza mpira, kama vile watu wale walikuwa ndani ya miti wakingoja. Barabara nyingi hazina majina, zina namba, hizi zinakwenda hivi na zile zinakata hivi, na mtu akikupa namba mbili umeshafika kwake. Mji wenyewe ni vijiji vilivyokuwa mbalimbali vikakua mpaka vikagusana, na katikati yake bado kuna mashamba. Wahindi wa Punjabi ni wengi, na mzee aliyenipangisha chumba alikuwa mmoja wao, singasinga mwenye kilemba cha buluu na roho kubwa.

Nilirudi Muscat katikati ya miaka ya tisini. Miaka michache baada ya mwaka elfu mbili ikaja posa ya binti wa marehemu dada yangu. Binti huyu alilelewa na mama yangu tangu mdogo, na wakati huo alikuwa akifanya kazi wizarani Al Khuwair. Mposaji ni kijana wa watu wetu waliotoka Unguja kama sisi. Ami zake wanakaa Bustan, mwenyewe yuko Kanada. Nilipouliza mji gani, nikaambiwa Surrey.

"Basi mmefika," nikawaambia. "Mji huo nimeupima mimi."

Binti alikuwa akimtaka kijana. Walionana kwenye harusi alipokuja likizo, na tangu hapo simu hazikukatika. Baba yake binti, aliyekuwa Sohar na mke mwengine, alisema litakalomridhi bibi litamridhi na yeye. Kwa hiyo neno lilikuwa la mama yangu. Ijumaa baada ya laasiri ami zake kijana wangekuja kuchukua jawabu. Binti alishaniambia faragha kwamba bibi yake akikataa hatokwenda, na hatotaka mwengine.

Kwetu posa haijibiwi hivi hivi. Lazima uulizie. Unamuuliza jirani, imamu, mwenye duka. Mama yangu alikuwa bingwa wa kuulizia, lakini safari hii alinikalisha mimi.

"Mji huo kati yake wapi?" akaniuliza.

"Hauna kati, mama."

"Hauna kati vipi? Soko liko wapi?"

"Masoko ni mengi, kila upande na lake."

"Na jirani zake ni watu wa wapi?"

"Kila pahala. Wengi wamehamia juzi."

"Sasa n'tamuuliza nani, ikiwa wote wamekuja juzi?"

Swali hilo lilinipendeza, maana sikuwahi kulifikiria. Miaka yote niliyopima mji ule nilijua mpaka wa kila kiwanja, lakini sikujiuliza katika mji mpya nani anamjua nani. Na hapa Ansab je? Jirani yangu wa kulia nilikuwa sijui hata kazi yake. Nikamwambia mama kwamba nina mtu. Nikampigia simu yule singasinga, nikampa namba mbili za barabara za kwa kijana, akasema ni mwendo mdogo kwa gari, na kwamba mambo ya posa hata kwao yako hivyo hivyo, nisiwe na wasiwasi.

Alhamisi baada ya magharibi, kule kumekucha, akanipigia. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka wake, binti anamimina kahawa. Mzee alizungumza kwa Kiingereza na mimi nikawafasiria kipande kipande. Alikwenda na mkewe na boksi la halua, wakajifanya wanatafuta nyumba ya kupanga. Mlango wa juu ukafunguliwa na mama mmoja Mfilipino, mpangaji. Akamsifu mwenye nyumba: kitu kikiharibika anatengeneza siku ile ile, hapigi kelele, na majani yakiziba mifereji ya paa anapanda mwenyewe kuyatoa, hata ya jirani mzee. Kisha akawaambia, mwenyewe yupo, anakaa chini. Kijana akatoka na soksi zake, akawakaribisha chai ingawa hakuwajua.

Nilifasiri yote kwa fahari. Mama akaweka kikombe chini.

"Chini wapi?"

"Chini ya nyumba. Nusu iko ndani ya ardhi. Kila nyumba kule inayo."

"Handakini?"

"Si handaki. Ni nyumba, ina jiko, ina choo."

"Mpangaji kakaa juu, na mwenye nyumba kakaa chini kama boi." Akanitazama. "Huyu ndiye wa kumpa mjukuu wangu?"

Nikamweleza vizuri, kwa sababu hilo ndilo jambo la Surrey ambalo mgeni halielewi. Kule kijana akinunua nyumba kwa mkopo wa benki, huipangisha sehemu nzuri, na yeye akajibana pale pa rahisi mpaka nyumba imekuwa yake kweli. Mwenye akili ndiye anayekaa chini. Mimi mwenyewe nilikaa chini kwa yule singasinga miaka yote niliyosoma, na ndiko nilikotoka na stashahada.

"Wewe?" mama akasema. "Wewe ulinambia unakaa nyumba ya bustani."

"Bustani ilikuwapo. Dirisha langu lilikuwa sawa na majani yake. Nikilala naona viatu vya watu na kindi."

"Kindi," akasema mama, kama mtu aliyeletewa hesabu ambayo haitaki.

Hapo binti akaliweka chini dele la kahawa.

"Mjomba, mimi kukaa chini sina tabu nako. Mimi nna tabu na milima."

"Milima gani?"

"Alinambia chumba chake cha kulala kinatazama milima ina theluji. Kanieleza mara ngapi sijui, asubuhi inavyokuwa nyeupe, jioni inavyokuwa ya waridi. Sasa ikiwa yuko chini, milima anaiona wapi?"

Mimi mwenyewe kwa dirisha lile sikuwahi kuona mlima. Nilimwona mama ameshika kauli hiyo, na nikajua posa imekaa kwenye ukingo. Binti hakungoja. Akampigia kijana hapo hapo, akaweka spika ili bibi yake asikie, na akamwambia kabisa kwamba bibi na mjomba wanasikia.

Salamu zikapita. Kisha akamuuliza, "Chumba kinachotazama milima nani analala?"

Sauti ikasema, "Wapangaji."

"Na wewe unaona nini?"

"Tairi la gari yangu," kijana akasema. "Na ua la jirani, likiwa limechanua. Milima nliiona siku nnanunua nyumba. Nlipanga kabla hujaja niwatoe, tukae juu, usijue kama nlikuwa chini."

"Mbona hukunambia tairi?"

"Nani anamposa mtu kwa tairi?"

Binti alicheka, kicheko alichokuwa akikizuia tangu kahawa. Halafu akasema, sasa kwa sauti ya ofisini, "Usimtoe mtu. Yule mama anakusifu kwa wageni asiowajua. Tukikaa chini tutakaa chini. Lakini ukinidanganya tena, hata kwa kitu kizuri, basi."

"Haya."

Mama akamwashiria ampe simu. "Mwanangu, hilo handaki lina mlango wake?"

"Lina mlango wake, bibi. Wa ubavuni."

"Haupiti kwa watu?"

"Haupiti kwa mtu."

"Na mvua ikinyesha maji hayaingii?"

Kijana akaanza kueleza mifereji, mteremko, bomba lililozikwa kuzunguka msingi. Alieleza sawasawa, na mimi kama mtaalamu nilitikisa kichwa kila alipotaja kitu. Mama hakuwa akimtazama yeyote isipokuwa mimi, na kila nilipotikisa kichwa na yeye akatikisa.

Ijumaa ami zake wakaja wawili, kanzu nyeupe, udi unawatangulia. Mkubwa akaanza kuisifu nyumba: ghorofa mbili, mbao safi, vyumba vya juu vinatazama milima. Mama akamwacha amalize.

"Tumesikia," akasema. "Na yeye mwenyewe anakaa chini, na sisi tumeridhika."

"Anakaa chini ya nani?" ami mkubwa akauliza.

"Ya wapangaji wake."

Ami wakatazamana. Mdogo akasema pole pole, "Hilo sisi hatuna khabari nalo, bibi. Mtoto wetu ana nyumba yake."

"Basi tulieni nikwelezeni," mama akasema, na akajiweka vizuri kwenye mkeka.

Akawaeleza. Kwamba mji ule hauna kati, na barabara zake zinahesabiwa. Kwamba mpumbavu hukaa juu akadaiwa, na mwenye akili hukaa chini mpaka nyumba imekuwa yake. Kwamba maji hayaingii, kuna bomba. Akaongeza na mambo ambayo mimi sikuyasema, kwa mfano kwamba hata wakubwa wa mji hukaa chini, na nikamwachia, maana alikuwa anaeleza vizuri kuliko mimi.

"Na kindi?" akauliza ami mdogo, kwa sababu mama aliwataja.

"Hao hawaingii ndani," mama akasema. "Muulizeni huyu mwanangu, ndiye aliyekaa nao. Ana stashahada."

Nikawaambia hawaingii. Ami mkubwa akataka kujua kuhusu baridi, nikamweleza na baridi, na binti alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya halua, akingoja tumalize maswali ili Fatiha ya posa isomwe.