Bakuli Lililokataa Kuaga

Darasani tulifunzwa kwamba ushauri nasaha una mwisho, na mwisho hupangwa: unamtajia mteja mapema zimebaki wiki ngapi, mnatazama mlikotoka, mnaagana, mlango unafungwa. Aliyeandika hayo hajawahi kumsindikiza mgeni Mombasa. Hapa mtu huaga akiwa ameketi, akaaga tena akisimama, akakumbuka habari ya harusi akiwa kizingitini, na mazungumzo yenyewe hasa huanzia kwenye ngazi.

Mteja wangu wa kwanza kuagana naye rasmi alikuwa mjane mmoja wa Kuze, mtu mzima umri wa mamangu. Alianza kuja ofisini kwangu Tononoka alipotoka eda. Eda ilikuwa imekwisha, lakini mezani haikwisha: kila adhuhuri aliandaa mabakuli mawili, lake na la marehemu mumewe, kisha akakaa akilitazama la pili mpaka mchuzi ugande. Tulizungumza miezi minane. Akaanza kulala usingizi, akaanza kuwatembelea dada zake, akaanza hata kunitania kuhusu viatu vyangu. Wakati wa kumaliza ukafika, nikampangia vikao vinne vya mwisho kama nilivyofunzwa. Hofu yangu ilikuwa moja tu: akiachana nami, hatarudi kukaa na lile bakuli?

Siku ya mwisho alikuja na kaimati, bakuli la kauri lenye maua ya buluu limejaa mpaka juu. Tukaagana vizuri, hata nikajipongeza. Alipokwisha kuondoka ndipo nilipoona bakuli limebaki mezani. Mimi niliyesomea kuuliza maswali, sikujiuliza ni la nani.

Nilichojua ni kwamba chombo cha watu hakirudi kitupu. Mamangu angefufuka kunikanya. Wala singeweza kulipeleka Kuze mwenyewe, maana kabla sijapiga hodi mtaa mzima ungejua nani anatibiwa nini. Nikanunua bhajia kwenye duka la chini, nikalijaza, nikampigia simu aje alichukue. Akaja. Akaketi. Akaonja moja.

"Hizi ni za dukani, mwanangu?"

"Naam, mama."

Akanitazama kwa ile huruma niliyozoea kumtazama nayo yeye. Wiki iliyofuata bakuli likarudi na bhajia za kweli, ili nijifunze. Nikalirudisha na tende. Likaja na mkate wa sinia. Nikalirudisha na maembe. Tulikuwa tumemaliza ushauri wiki tano zilizopita na tunaonana zaidi ya zamani, siku ya kuchukua na siku ya kuleta, nami sketi zangu zilikuwa zimeanza kukataa kufunga.

Msimamizi wangu wa kazi, mama mkali wa mtaa wa Buxton, alinisikiliza bila kucheka.

"Lirudishe tupu," akasema.

"Tupu kabisa?"

"Tupu. Wewe ndiye unayemng'ang'ania."

Nilikasirika kwa sababu ilikuwa kweli. Liliporudi tena, nikaliosha, nikalikausha, nikampigia. Alipofika nilimkabidhi huku nikitazama sakafu. Akalichungulia ndani. Nikasubiri nitukanwe mimi pamoja na walionilea.

"Hatimaye!" akasema. "Siku ile ya kaimati sikulisahau. Nalikuwachia uwe nalo."

"Lakini mama, mbona kila mara ulikuwa ukilichukua?"

"Wewe ndiwe ulokuwa ukiniita. Ukinipa limejaa, n'takataaje? Na mgeni akiitwa, aje mikono mitupu?"

Akaliweka mezani kwangu, akalisogeza katikati kwa vidole viwili.

"Ni la marehemu hili. Nyumbani limebaki moya, langu. Lanitosha."

Akajitanda buibui lake, akaniombea dua fupi, akashuka ngazi zote bila kusimama hata mara moja. Mimi ndiye niliyebaki juu, nalia, nikitafuta habari ya harusi yoyote ile ya kumwitia.