Nyumba Yangu Ndani ya Mutumbwi

Nyumba yangu ya muji wa Baraka niliijenga mwenyewe na niliibomoa mwenyewe. Ninasema hivi sababu batu banapenda kueleza kwamba ziwa lilinivunjia. Hapana. Ziwa lilipanda, hiyo ni kweli. Mwaka wa kwanza lilifika kwenye mipapai, mwaka uliofuata likaingia jikoni, na asubuhi moja niliamka nikakuta kiatu kimoja kinaelea chini ya kitanda na kingine kimeenda zake. Ile siku nilipanda juu na nyundo, nikang'oa misumari mumoja mumoja. Nilishusha manjanja ishirini. Hayo mabati niliyapata moja moja kwa kazi ya useremala, mi niliyeacha masomo mwaka wa tatu wa primeri. Nikang'oa na mulango. Niliuchonga mbele ya kuoa, na bibi yangu aliufunga kila magaribi mpaka alipokufa. Kuta za tope niliachia ziwa. Tope lile lilikuwa lake tangu zamani.

Nikaanza kulala kwa mutoto wangu, chumba kimoja na bajukuu, kama muzigo uliowekwa pale kwa muda. Mvua za kwanza zilikuwa karibu. Nilitaka kitu kimoja tu: kulala chini ya manjanja yangu mbele haijanyesha.

Rafiki yangu ni muvuvi. Ni mudogo kwangu kwa miaka mine hivi, na ananiita yaya, kaka mukubwa, tangu tukiwa batoto, hata kama hatukutoka tumbo moja. Nyumba yake iko juu, karibu na barabara, maji hayakuifikia. Alikuwa na shamba la mama yake kule Swima, kwenye mulima kidogo. Anasema ziwa likifika pale, basi Noa naye atakuwa amerudi. Akaniambia nichukue nusu nijenge. Nilikataa mara mbili.

"Mi sikai ku shamba ya muntu," nilimwambia.

Sikuzoea kupewa. Mi njo ninatoa. Muntu akifiwa na mutoto mudogo, pale Baraka banajua mulango wa kugonga, na ninapiga lile sanduku bila kuomba kitu. Mara ya tatu hakuuliza tena. Alileta mutumbwi wake, akaufunga kwenye dirisha la nyumba yangu, kwa kuwa maji yalikuwa yamefika pale, akaniuliza kama manjanja iko tayari.

Barabara iko, lakini lori lingeyakunja manjanja kwenye mashimo mbele ya kufika hata Mboko. Tukasema siku tatu kwa makafi: asubuhi tunavuta, upepo wa muchana ukianza tunapanda kwenye muchanga.

Tulianza kubishana hata kabla ya kuondoka. Mi nilitaka manjanja yakae juu, mulango chini yake, ili yasilowane. Yeye alitaka yakae chini kabisa, sisi tukae juu yake.

"Manjanja haiogope maji, yaya. Inaogopa upepo."

Nilimuuliza yeye alishafunika nyumba ngapi Baraka, sababu mi nilifunika nusu ya ule muji. Akayafunga juu kama nilivyotaka, akaongeza kamba. Kisha nilienda kukaa nyuma, mahali pa yule anayeongoza. Aliangalia ile nafasi, akaniangalia na mi, halafu akaenda mbele. Mukubwa hakai mbele akiendeshwa na mudogo. Njo nilivyofikiri.

Siku ya kwanza ule mutumbwi ulienda kama mbuzi anayevutwa kwenda soko. Nilishika randa miaka arobaini, lakini kafi ni kitu kingine, hata vidole havikujua pa kukaa. Kila mara aligeuka kuniambia tubaki karibu na inchi kavu. Nilimucheka, nikamwambia anatembea na ziwa kama bibi-arusi mbele ya bakwe. Akacheka na yeye, akasema bibi-arusi anafika kwake muzima. Muchana tulisonga bukari la muhogo, tukakaanga ndagala. Mikono yangu ilikuwa imetoka malengelenge, nikaificha. Bila kusema kitu alivuta mukono mumoja, akaupaka mawese, akavuta na wa pili.

Siku ya pili upepo ulifika mbele ya saa yake. Yeye aliuona kwanza, maji yalikuwa yanabadilika rangi kwa mbali. Akasema tutoke majini. Mi niliona kuko pembe moja tu ya inchi kavu ya kuzunguka, nikasema tuimalize. Hatukuimaliza. Upepo uliingia chini ya manjanja, la juu likainuka, likapiga, likainuka tena. Ncha yake ikakata kamba. Mi seremala, ninayejua bati linakata kama kisu, nilikuwa nimeachia kamba ipite juu ya ncha. Nikasimama nilishike.

"Kaa chini."

Hakusema yaya. Hakupaza sauti. Alisema vile muntu anamwambia mutoto, na mi nikakaa. Manjanja nane yalienda. Ya kwanza yaliruka, yakaangaza jua, yakaingia maji upande upande kama samaki. Mutumbwi uliinama, maji yakaingia. Alitambaa juu ya muzigo akaja nyuma, akanionyesha mbele kwa kidole. Nikaenda nikitambaa. Neno alilokuwa akinipa ni moja tu, vuta, na nilivuta mpaka tukagonga muchanga.

Nilikaa chini nikahesabu. Kumi na mbili. Nyumba ya manjanja kumi na mbili, nikasema moyoni, ni ya kuku.

Yeye alivua suruali, akabaki na kaputula, akaingia ziwani. Akatembea. Akatembea tena. Maji yalifika tumboni, hayakupanda zaidi. Pale muto mumoja unashuka na kumwaga muchanga wake, na sisi tulikuwa karibu vile na inchi kavu. Mi nilifikiri tuko mbali, sababu asubuhi yote nilikuwa ninaelekeza ndani ya ziwa. Kumbe yeye kule mbele, na kafi lake, alikuwa anaturudisha kidogo kidogo bila kuniambia.

Kulikuwa bamama banafua nguo. Mumoja mwenye mwili mukubwa akauliza kwa sauti, hata ng'ambo ya muto basikie:

"Bababa, leo munavua manjanja? Inapikwaka na nini?"

"Na misumari, mama," rafiki yangu akajibu, anatafuta na miguu.

Bakacheka, bakafunga vitenge, bakaingia. Balijipanga mustari mumoja, banapapasa chini na nyayo, na kila aliyepata bati alisema liko baridi kuliko mume wake. Balitoa saba. La nane ziwa limekula.

Muchana ule, manjanja yamelala kwenye jua, nilimwambia, "Mudogo, leo ulinikaripia."

"Ku maji hakuna yaya. Kuko mwenye anaona upepo."

"Na kule Swima?"

"Kule we njo utajenga. Mi nitashika ngazi."

Nikamwambia lile shamba bado ni la mama yake, na mi sijawahi kukaa mahali pa kupewa. Alisugua muchanga kwenye miguu.

"Batoto bangu babili balilala ndani ya mbao zako," akasema. "Sikukataa."

Nilisimama nikaanza kupanga manjanja ndani ya mutumbwi, chini kabisa.

Siku ya tatu mi nilikaa mbele. Tulikalia manjanja, mulango katikati yetu, na maji yalikuwa yametulia. Sikujua mbele kuko vitu vizuri hivyo: unaona maji mbele ya batu bote, hayajaguswa na kafi. Tulipita Nundu moshi wa jikoni ukipanda, bavuvi banarudi banatuuliza kama tunaenda kufungua kanisa. Saa ine ya asubuhi tulikuwa Swima.

Manjanja yaliyopinda niliyanyoosha na nyundo ya mti, juu ya muchanga. Nyumba nikaipunguza kidogo upande mumoja, sababu seremala anafuata alicho nacho. Siku nilipopiga musumari wa mwisho, mvua haikuwa imenyesha. Ilikuja baada ya siku nane, na nililala usingizi mukubwa chini yake, mulango umefungwa.

Mwezi uliopita rafiki yangu alikuja kuniona. Ziwa sasa liko uani kwake. Alizunguka nyumba yangu, akagusa ukuta, halafu akaniuliza ni wapi atajenga na yeye. Nilimwambia shamba ni lake, achague.

"Nusu tu, yaya," akasema.

Nikaingia ndani, nikaleta kamba na vigingi vya kupimia. Nilimwambia ashike huku, asimame pale, asisogee. Akasimama.