Mtunza majani na fimbo inayopitiliza

Saa kumi na moja alfajiri, na jua la Juni limekwisha kuchomoza juu ya bahari ya Portlennie. Walter Imrie, ambaye mji mzima unamwita Wattie, amesimama katikati ya zulia la shimo la kumi na nne, lile duara la majani mafupi linalozunguka kijibendera. Mikononi ana ufito wa mita tano. Anaupeleka kulia, anaurudisha kushoto, na kila unapopita umande unapukutika na kuacha mstari wa kijani nyuma yake.

"Umande ukiachwa, majani yanaugua," anasema bila kugeuka. "Na yakiugua watu wananilaumu mimi. Hawamlaumu Mungu aliyeumwaga."

Ana miaka sitini na moja. Kwa miaka thelathini na minne ametunza uwanja huu wa gofu, ambao ni mali ya mji, akitembea kilomita kumi na nne kwa siku kwa ujira wa pauni kumi na nne kwa saa. Hana manung'uniko. Hapa kila mtu anacheza gofu, kuanzia mchungaji hadi fundi bomba, na Wattie naye anacheza. Hapo ndipo penye kisa.

Tatizo la Wattie ni fimbo. Akitaka kupiga mpira, huirudisha nyuma, nyuma, nyuma zaidi, mpaka kichwa cha fimbo kinapita bega, kinapita shingo, na kuning'inia karibu na kiuno upande wa pili. Kiwiko cha kushoto kinapinda, vidole vinalegea, kisigino kinanyanyuka. Sasa fimbo iliyokwenda mbali kiasi hicho lazima irudi mbio, na ikirudi mbio inachelewa tu vilevile. Mpira unakata kona kulia na kuzama kwenye vichaka vya miba yenye maua ya manjano.

"Unaweza kunywa chai kabla fimbo ya Wattie haijarudi," anasema Bertie Gow, muuza nyama wa mtaa wa bandarini. "Ukarudia na kikombe cha pili."

Ugonjwa huo aliupata kazini. Alipoanza kibarua akiwa kijana, alipewa fyekeo la mpini mrefu akafyeke kwenye vilima vya mchanga ambako mashine haipandi. Fyekeo linataka uzungushe mwili wote, mkono upite mgongoni ndipo ushuke na nguvu. Alifyeka miaka tisa. Alipoishika fimbo ya gofu, mwili ukaona ni fyekeo jingine tu.

Ingekuwa anacheza peke yake, basi, kila mtu na mzigo wake. Lakini Jumamosi ya tatu ya Juni ni Kombe la Jozi. Mwanamume na mwanamke wanacheza mpira mmoja, zamu kwa zamu. Ukiutupa porini, huendi kuutoa wewe, anakwenda mwenzako. Ndoa nyingi za Portlennie hupimwa siku hiyo, na nyingine hurudi nyumbani kwa njia mbili tofauti.

Mwenzake Wattie ni mkewe, Netta, mwenye miaka hamsini na tisa, mkandaji wa mikate katika duka la kuokea. Netta anapiga fupi na kunyooka. Wamecheza pamoja miaka kumi na moja, na miaka kumi na moja Netta ameingia mibani.

Mwaka jana ilibaki kidogo tu. Walifika shimo la mwisho wakiwa mbele kwa pigo moja. Wattie alitakiwa kuweka mpira katikati, popote pale katikati. Akairudisha fimbo.

"Nilimwambia, 'Wattie, pole pole,'" anakumbuka Netta. "Akaniambia, 'Usinifundishe.' Mpira ukaenda mpaka nikasikia ndege wanaruka kichakani. Nikapiga mara tatu ndipo ukatoka. Jamani!"

Walishindwa. Netta hakumsemesha mumewe mpaka Jumatatu, na Jumatatu yenyewe alimwambia tu kwamba pipa la taka limejaa.

Mwezi wa tano mwaka huu karatasi ya majina ilipobandikwa kwenye mlango wa nyumba ya klabu, Netta aliandika jina lake. Pembeni, mahali pa jina la mwanamume, akaacha wazi. Mji mzima ulipita kuliangalia pengo lile. Wengine walipita mara mbili na mbwa wao, ili ionekane wamemtoa mbwa matembezi.

Gow, ambaye ni mjane, hakulaza damu. Alimkuta Netta dukani akaegemea kaunta.

"Shemeji, mimi nipo."

"Upo wapi?"

"Nipo tu. Fimbo yangu fupi, moyo wangu mweupe, na sina wa kunikataza."

"Gow, chukua mkate wako uende. Na wewe hupigi mbali hata ukisukumwa na upepo."

"Sipigi mbali, lakini sikupeleki mibani."

Maneno hayo yalimfikia Wattie kabla mkate haujapoa. Yalimuuma, na hafichi. "Nilijiona mjinga," anasema. "Nikafikiri, kumbe mwanamke huyu anataka kombe kuliko anavyonitaka mimi."

Akaanza kujirekebisha kwa hasira. Alikwenda kwa mwalimu wa gofu wa mji wa jirani, akalipa pauni arobaini na tano, akaambiwa aifupishe safari ya fimbo. "Hilo Gow ananiambia bure kila siku," anasema. Akajifunga kamba kutoka kwenye kifundo cha mkono mpaka kwenye mkanda wa suruali. Kamba ikakatika, suruali nayo ikataka kumwaibisha. Akamwomba jirani asimame nyuma yake na ufagio, fimbo ikipitiliza igonge mpini. Ufagio ukavunjika siku ya kwanza.

Ajabu ni kwamba kila mara alijiona amefupisha. Jirani akampiga picha kwa simu na kumwonyesha.

"Huyo si mimi," Wattie alisema.

"Kofia je?"

Wattie akaitazama picha tena. "Kofia ni yangu."

Mazoea yana taabu. Mwili wa mtu mzima haukuambii ukweli. Unasema umeishia begani, kumbe umeshazunguka mji.

Halafu ikaja Jumapili moja, mwishoni mwa mwezi wa tano. Wattie aliingia jikoni akamkuta Netta amesimama kwenye sinki, mikono imezama ndani ya beseni la maji ya moto.

"Unafanya nini, mama?"

"Naosha vyombo. Huoni?"

Wattie alisogea kuchukua kitambaa amsaidie kukausha. Ndani ya beseni hamkuwa na chombo hata kimoja. Mlikuwa na mikono ya mkewe tu, vifundo vimevimba na kuwa vyekundu.

Ndipo maneno yakatoka. Miaka arobaini ya kukanda unga imeila ile mikono. Daktari alimwambia tangu Januari kwamba anaweza kucheza gofu kiangazi hiki, labda na kijacho, kwa sharti la kutopiga mipira iliyozama kwenye magugu. Pigo moja la kufyatua mpira kichakani linamgharimu siku nne za maumivu. Hakumwambia mumewe kwa sababu alimjua: angeiacha gofu palepale, aitundike fimbo ukutani, akae kumtazama kwa huruma.

"Sikutaka huruma," anasema Netta. "Nilitaka aache kunipeleka mibani. Nikasema heri adhani nina uchu wa kombe. Wattie ukimwonea huruma analegea. Ukimkasirisha anafanya kazi."

Wattie alitoka nje, akaenda kukaa kwenye banda la mashine, akalia. Analisema hilo waziwazi, na akilisema anapangusa pua kwa mkono wa koti. "Miaka kumi na moja nilikuwa nacheka. Mpira ukizama nasema, haya mama, kautoe! Nilikuwa namuumiza mke wangu huku nacheka."

Tangu siku hiyo hasira ilikwisha, ikabaki hofu. Na hofu ilimharibu zaidi. Aliishika fimbo kwa kukaza kana kwamba anazama, na fimbo ikazidi kupitiliza. Wiki ya kwanza ya Juni alipiga mipira sitini jioni moja. Arobaini na saba ikaenda mibani. Alikata shauri kumwambia Gow alijaze lile pengo kwa jina lake mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata, Netta alikuwa akipita njia ya uwanjani kwenda dukani, kama anavyopita kila siku. Wattie alikuwa juu ya zulia la shimo la tatu, akipukutisha umande. Kwa kawaida Netta humpungia mkono na kuendelea. Siku hiyo alisimama, kisha akavuka kamba akaja mpaka katikati ya majani na viatu vyake vya kazi, jambo ambalo mtu mwingine angelifanya angefukuzwa kwa matusi.

"Rudia."

"Nirudie nini? Niko kazini."

"Rudia hivyohivyo ulivyokuwa unafanya. Usinitazame."

Akaupeleka ufito kulia. Mikono ilifika usawa wa kifua, ikatulia kidogo, ikarudi.

"Mbona umeishia hapo?" Netta aliuliza.

"Lazima niishie. Ufito ni mrefu, ncha yake inachelewa nyuma. Nikiuvuta kabla haujanyooka unanichapa sikio. Nikipitiliza, unaacha mstari wa umande, inabidi nirudie upya."

"Kwa hiyo unausubiri."

"Nausubiri, ndiyo."

"Mungu wangu! Miaka thelathini na minne unausubiri ufito kila alfajiri, na fimbo ya gofu huisubiri! Kwa sababu ni fupi, siyo? Unaionea."

Wattie anasema alibaki ameuinua ufito, maji yakimtiririka kutoka kwenye ufito hadi ndani ya mkono wa shati. Kumbe mwili wake ulikuwa na mazoea mawili, ya fyekeo na ya umande, na miaka yote hiyo ulikuwa ukimchagulia yale mabaya.

Kuanzia hapo alibadili zoezi. Kila akimaliza zulia moja, anauweka ufito chini na kuokota fimbo kabla mikono haijasahau. Anairudisha mpaka kifuani, anasubiri ncha ambayo haipo, anapiga. Siku za kwanza mpira ulikwenda hatua chache kama kuku aliyefukuzwa uani. Gow alipita akauliza kama anacheza gofu au anapanda viazi. Wattie aliokota mpira mwingine. Siku ya sita, mipira tisa katika kumi ilikwenda mbele.

Lakini zoezi si mchezo, na leo ni Alhamisi. Karatasi inabanduliwa saa kumi na mbili jioni, na pengo bado lipo.

Saa kumi na moja jioni Netta anamngoja mumewe shimo la kumi na saba, ambapo upepo wa baharini unampiga mtu usoni na miba imesimama upande wote wa kulia. Amekuja na mipira mitatu.

"Mitatu tu?" anauliza Wattie.

"Siku ya Jumamosi utapewa mmoja."

Wa kwanza unakwenda chini ya upepo, sawa kabisa. Wattie anafurahi, na furaha inamponza. Pigo la pili anataka kulizidisha kidogo. Fimbo inavuka bega, kisigino kinanyanyuka, na mpira unazama mibani. Netta ameikunja mikono yake, ameificha chini ya makwapa, na Wattie anaiona anavyoificha.

Anauweka wa tatu. Anakaa juu yake muda mrefu. Anairudisha fimbo mpaka kifuani, inaishia hapo, na kwa kitambo kidogo hakuna kinachotembea ila upepo. Kisha anapiga.

Mpira unatua katikati, yadi mia moja na themanini. Zamani angepiga mia mbili na thelathini, kama angeuona tena.

"Fupi," anasema Wattie.

"Fupi," anasema Netta, "lakini nauona."

Wanatembea mpaka nyumba ya klabu. Gow yuko mlangoni na kalamu yake mwenyewe mfukoni, anajidai kusoma tangazo la maji. Netta anachukua kalamu inayoning'inia kwa uzi, anaweka ncha kwenye pengo. Vidole vinamgomea. Anajaribu tena, kisha anamkabidhi mumewe.

"Andika mwenyewe. Na uandike vizuri, Gow asije akasema ni jina lake."

"Mimi sijasema kitu," anasema Gow.

"Umekuja na kalamu, bwana wee."

Wattie anaandika taratibu, herufi kubwa kubwa. Akimaliza anarudi nyuma hatua moja kuyatazama majina mawili yakiwa pamoja, na machozi yanamlengalenga mbele za watu.

Anaulizwa kama Jumamosi wanatarajia kulichukua kombe. Anatikisa kichwa. Kuna jozi sita bora kuliko wao, anasema, na upepo umetabiriwa.

"Kombe wachukue wanaolitaka," anasema Wattie Imrie. "Miaka thelathini na minne nimewakatia majani watu wa mji huu. Nataka na mke wangu ayakanyage."