Wamedhani Kwangu Ni Hoteli

Jamani, leo nimeagizwa chai nyumbani kwangu mwenyewe!

Vijana wawili wenye mabegi mgongoni wameingia barazani kwetu hapa Mnarani, wakanikuta nakaanga mahamri.

"Shikamoo mama. Tuletee chai mbili na mahamri."

Nyie mngefanyaje?

Mimi niliwaona kama mimi na rafiki yangu Wambui, miaka ya themanini, enzi za feri, kabla ya daraja. Tulitoka bara kuja kutembea Kilifi siku mbili tu. Tukavuka kwa feri asubuhi kutoka mjini kuja huku Mnarani, tukamwona mama anakaanga mahamri barazani. Kwetu bara, anayekaanga mlangoni ni mwenye hoteli, basi!

Tukaketi, tukaagiza. Tukaongeza mbaazi. Tena mimi nikalalamika kwamba chai haina tangawizi.

Mama yule akarudi jikoni, akaitia.

Tulipouliza bei, akashangaa. "Bei ya nini, wanangu? Hapa ni kwangu. Mgeni akiketi barazani, si anywe chai?"

Nilitamani ardhi inimeze. Na mwanawe wa kiume, aliyekaa pembeni, alicheka mpaka akapaliwa.

Basi leo nimewamiminia wale vijana chai, tena ya tangawizi.

Mama mkwe akauliza kutoka chumbani, "Ni nani hao?"

"Wageni, mama. Wamedhani ni hoteli."

"Wape wanywe. Lakini waonye mapema: aliyedhani hivyo zamani, mpaka leo hajaondoka."