Sega la Majana la Yustina

Yustina alichutama juu ya kitambaa cheupe, akihesabu kwa ncha ya kijiti. Alipofika mwisho alianza upya. Utitiri kumi na tisa, wekundu, wadogo kuliko punje za ulezi, walikuwa wameanguka pamoja na sukari laini kutoka kwenye chupa yenye mfuniko wa wavu tuliyotikisia nusu kikombe cha nyuki wake. Nyuki mmoja alitambaa pembeni, mabawa yamejikunja kama karatasi iliyopitishwa motoni.

“Nyuki wa namna hii nawaona mlangoni mwa mzinga tangu Kwaresima,” alisema. “Nikadhani ni baridi.”

Kama afisa nyuki wa wilaya, nilimweleza kwamba utitiri huwanyonya majana, watoto wa nyuki, wakiwa bado ndani ya sega, na huwaachia virusi vinavyoharibu mabawa. Nyuki asiyeruka haleti chakula. Kabla sijamaliza, Yustina alisimama.

“Leo asubuhi nimempa wifi yangu sega la majana.”

Hapa kijijini Kinole, mzinga wa jirani ukidhoofu, unampa sega lenye majana, kama unavyompa kaa la moto la kuwashia jiko. Kwa miaka ishirini na miwili Yustina ndiye aliyeombwa kuliko wote, na hakuwahi kumnyima mtu. Theresia, dada wa mumewe, alikuwa na mizinga tisa, nayo ndiyo iliyomtunza tangu mikarafuu yake ilipokauka. Angelipachika sega hilo jua likizama, saa ambayo kila mtu hapa hufungua mizinga kwa sababu nyuki wametulia. Jua lilikuwa limeshagusa mlima.

Simu ya Theresia iliita bila kupokelewa. Tuliteremka mbio kwenye njia yenye utelezi, Yustina mbele, kandambili mkononi.

Tulimkuta amefunua mzinga. Sega lilikuwa limefungwa kwa kamba ya mgomba kwenye kijiti, naye alikuwa akiliteremsha polepole.

“Wifi, acha! Usiliweke!”

“Jamani, umeshaanza kujuta?” Theresia alicheka bila kugeuka. “Ukitoa umetoa. Au kaka yangu amekugombeza?”

“Majana hao ni wagonjwa. Nyuki wangu wana utitiri.”

Mkono wa Theresia ulisimama hewani. Majirani wawili waliokuwa wakichuma pilipili manga waliacha kuchuma. Yustina alikunjua kiganja na kumwonyesha yule nyuki asiye na mabawa ya kufaa.

“Ulijua?”

“Nimejua sasa hivi.”

Theresia alilitupa sega kwenye moto wa kufukizia nyuki. Nta ilichuruzika. Kisha akasema kwa sauti ya chini, “Na lile ulilonipa mwezi wa pili?”

Nilichota nyuki kutoka kwenye mzinga uliopokea sega hilo, nikawamwagia sukari na kutikisa chupa hadi mkono ukaniuma. Kisha nikaigeuza juu ya kanga ya Theresia. Wanawake wale wawili waliinama, vichwa vikikaribia kugongana.

Sukari tupu. Nilirudia kwa nyuki wengine. Sukari tupu.

“Usafi wa leo si wa kesho,” nilisema. “Tutapima tena baada ya wiki mbili.”

Theresia aliufunika mzinga na kuuwekea jiwe juu.

“Usinipe tena kitu mpaka nikuombe,” alisema, majirani wakisikia.

“Sawa, wifi.”

Yustina alivaa kandambili zake, akaanza kupanda mlima kwenda kuwaambia wengine wanne aliowapa masega mwaka huu.